Kisu Kilichonyweshwa Maji

Kila siku baada ya masomo, Dafrosa alipita nyumbani, akavua sare, akachukua hotpoti ya chakula na kumpelekea baba yake karakanani. Walikaa Chemchem, mjini Tabora, na karakana ilikuwa mtaa wa pili tu. Kazi hiyo alikuwa nayo tangu darasa la tatu, na sasa alikuwa darasa la sita. Aliifanya vizuri. Ugali haukupoa wala mchuzi haukumwagika. Aliitua hotpoti kwenye benchi la karibu na mlango, akasema, "Shikamoo baba, chakula hicho." Baba alijibu, "Marahaba mama," macho yakiwa kwenye mashine, na Dafrosa akaondoka mbio kwenda kucheza rede na wenzake.

Baba yake, Fundi Nikolaus, alikuwa na mashine ya kukerezea vyuma. Mashine hiyo hushika kipande cha chuma na kukizungusha kwa kasi. Fundi husogeza kisu kifupi, kinene kama kidole gumba, nacho hukimenya kile chuma kidogo kidogo mpaka kipate umbo analolitaka. Watu walimletea shafti, zile nondo nene zinazozungusha mashine za kusaga, ekseli za mikokoteni na vyuma vya majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Karakana ilinuka mafuta, ilikuwa na kelele, na sakafuni kulijaa maganda ya chuma yaliyojikunja, ambayo yalikuwa tayari kumchana miguu yeyote aliyeingia na kandambili. Dafrosa hakuona sababu ya kukaa humo.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Januari, alipokuja Uwimana.

Uwimana alitoka Ulyankulu, ambako wazazi wake walilima tumbaku na mahindi. Mama yake Dafrosa, Mwalimu Flavia, aliwahi kufundisha huko, na ndiye aliyemsimamia Uwimana alipobatizwa. Shule ya kijijini kwao ilikuwa mbali mno kwa mguu, basi wazazi wake wakakubaliana na mama wa ubatizo kwamba mtoto aje mjini asome. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, sawa na Dafrosa. Wakawekwa darasa moja, dawati moja na kitanda kimoja. Uwimana aliwaita wenyeji wake baba na mama, kama alivyofundishwa kwao. Dafrosa alipolisikia neno "baba" likitoka kwenye kinywa kingine, alijisikia kama mtu aliyekuta mgeni amevaa viatu vyake bila kuomba.

Wiki ya kwanza walipeleka hotpoti pamoja. Dafrosa aliitua, akageuka kuondoka. Uwimana alibaki amesimama, mikono nyuma, akitazama mashine.

"Baba," aliuliza, "mbona kisu kimetulia, halafu chuma ndicho kinachozunguka?"

Fundi Nikolaus akafanya jambo ambalo Dafrosa hakuwahi kuliona: akaizima mashine, chakula kikiwa bado hakijafunguliwa, akaanza kueleza. Alieleza kwa mikono yote miwili, na uso wake ukang'aa. Siku iliyofuata Uwimana akaja na swali jingine, na kesho yake jingine. Kufika Machi alikuwa anajua kusoma kalipa, kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili kinachopima hata unene wa ukucha. Mezani, wakati wa chakula cha jioni, baba akaanza kusema, "Leo Uwimana kapima ekseli, hakukosea hata kidogo." Kesho yake, "Leo Uwimana kaniambia chuma kimepinda, nami nilikuwa sijaona."

Dafrosa aliona wivu. Tuseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alilijua jina la kitu hicho na alikuwa nacho kutwa nzima. Uwimana akisifiwa, Dafrosa aliacha kula. Uwimana akicheka na baba, Dafrosa alihesabu kicheko kile kuwa ni chake na kimeibwa. Usiku alilala amempa mgongo, akivuta shuka kidogo zaidi ya haki yake.

Mwezi wa Mei, Jumatatu moja asubuhi, Masanja aliteremka kwenye treni kutoka Bukene akiwa na shafti nzito ameifunga kwenye gunia. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga.

"Mwangaluka, fundi," alisalimu kwa lugha ya kwao Bukene. Akaitua shafti sakafuni. "Imelika hapa na hapa. Ikizunguka, nyumba nzima inatetemeka. Na huu ndio msimu, watu wamepanga magunia mpaka barabarani. Naihitaji Jumamosi."

Fundi Nikolaus alijaribu visu vyake vyote. Chuma cha shafti kilikuwa kigumu ajabu. Kila kisu kilimenya kidogo, kikaishiwa makali. Alimweleza mkewe jioni ile, watoto wakisikia: kilichohitajika ni kisu chenye ncha ngumu, ambayo ni kipande kidogo cha kijivu kilichobandikwa kwenye kichwa cha kisu kwa shaba. Alikuwa na kimoja zamani, kikaisha. Kuagiza kingine Dar es Salaam kungechukua zaidi ya wiki.

"Masanja nikimkosa, nitawakosa wote wa Bukene," alisema. "Wenye mashine wanaambiana."

Sasa Tabora ni mji uliozoea mizigo ya watu wengine. Zamani misafara ilipita hapa na pembe na shanga. Siku hizi hupita makontena. Kule Kanyenye, akina mama wa kanisa walikuwa na duka la vitu vilivyotumika vilivyotoka Ulaya, na mapato yake yalisaidia yatima. Humo ungepata sufuria nzuri, baiskeli isiyo na kiti, vitabu vya lugha usiyoijua, na viatu virefu vya kukanyagia theluji ambavyo muuzaji, Mama Recheli, alikuwa akijaribu kuviuza tangu mwaka juzi. Kila Jumatano alifungua maboksi mapya. Jumatano ile Mwalimu Flavia aliwatuma wasichana wakatafute viatu vya shule.

Dafrosa alielekea kwenye viatu. Njiani kioo kizuri kilimvutia, na ili akifikie alilisukuma kwa mguu boksi moja la mbao lililokaa chini, kati ya uma na vijiko. Alijitazama, akaridhika, akaendelea na viatu. Muda mfupi baadaye alimsikia Uwimana nyuma yake.

"Mama, hivi ni nini?"

"Ni visu vya jikoni, mwanangu," alijibu Mama Recheli. "Ila sijui Wazungu wanakatia nini. Mimi nimejaribu nyanya, nikashindwa."

Uwimana alikuwa amepiga magoti mbele ya lile boksi la mbao. Alifungua karatasi iliyolowa mafuta, akatoa kipande cha chuma kinene, akakigeuza kwenye mwanga. Kwenye kichwa chake kulikuwa na kipande cha kijivu, na chini yake mstari mwembamba wa shaba.

"Dafrosa, njoo uone," aliita kwa sauti ndogo. "Hivi si visu vya baba?"

Dafrosa alikuja, akaona. Alijua papo hapo kwamba ni vyenyewe, tena alijua kwamba boksi lile lilikuwa limegusa mguu wake. Hasira ikampanda, na hakuwa na wa kumkasirikia isipokuwa aliyepiga magoti.

"Vyuma chakavu hivyo," alisema. "Twende tukajaribu viatu."

Uwimana hakwenda. Alimwomba Mama Recheli asimuuzie mtu lile boksi, akatoka mbio hadi Chemchem. Fundi Nikolaus alifika na baiskeli, jasho likimtoka. Boksi lilikuwa na visu kumi na viwili vya kawaida, vizima kabisa, na kile kimoja cha ncha ngumu. Alikishika kile kimoja kwa vidole viwili, akaipapasa ncha yake. Akalipa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo lilimshangaza hata Mama Recheli.

"Huyu mtoto ana jicho la fundi," Fundi Nikolaus alimwambia Mama Recheli.

Jioni ile alikisimulia kisa hicho mara tatu. Kwanza kwa mkewe, kisha kwa jirani, na mwisho kwa simu kwa Ferdinandi, baba yake Uwimana, kule Ulyankulu. Mara zote tatu Dafrosa alisubiri asikie kwamba na yeye alikuwepo dukani. Hakusikia.

Alhamisi mchana Fundi Nikolaus alikwenda mjini kununua mafuta ya mashine, ili kesho yake aanze kuimenya shafti. Kabla ya kuondoka alimpa Uwimana ufunguo wa karakana, afagie na kuvipaka mafuta vile visu. Uwimana alimaliza, akafunga, akarudi nyumbani. Mwalimu Flavia akamtuma dagaa sokoni. Uwimana akautundika ufunguo kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akachukua kikapu, akaenda.

Dafrosa aliutazama ule ufunguo. Miaka mitatu amebeba hotpoti, hajawahi kupewa ufunguo. Wazo likamjia, nalo lilikuwa zuri sana kwa jinsi lilivyomjia: atakinoa kile kisu. Baba kesho atakikuta kina makali tayari, atauliza nani kafanya hivi, na usiku mezani jina litakalotajwa litakuwa Dafrosa.

Alijua jinsi ya kunoa, au alidhani anajua. Mara nyingi alikuwa amemwona baba, pale mlangoni, akiwasha jiwe la umeme, akikigusisha kisu mpaka cheche ziruke, kisha kukitumbukiza kwenye kopo la maji ili kipoe. Alichukua ufunguo, akaingia. Akavaa miwani ya baba ya kukinga macho, akawasha jiwe.

Cheche hazikuruka. Ncha ile ya kijivu ililisugua jiwe tu, ikatoa mwanga mwekundu hafifu na harufu mbaya. Akakandamiza zaidi. Kisu kikapata moto hata kikamchoma vidole, naye akafanya kama alivyokuwa akimwona baba akifanya: akakitumbukiza kwenye maji.

Kisu kikalia, tik.

Alipokitoa, aliona ufa kwenye ncha, mwembamba kama unywele. Aliusugua kwa kidole, haukutoka. Alikipaka mafuta, akakifunga kwenye karatasi yake, akazima kila kitu, akafunga mlango, na ufunguo ukarudi msumarini kabla dagaa hawajafika. Alijiambia labda ufa si kitu. Labda baba hatauona. Mtu akitaka kujidanganya huwa hakosi labda.

Ijumaa wasichana walipopeleka chakula, walimkuta Masanja ameketi juu ya gunia, amekuja kuangalia kazi yake. Shafti ilikuwa inazunguka. Fundi Nikolaus alisogeza kisu kipya polepole, kikagusa chuma, na hapo ukasikika mlio mkali. Kipande cha ncha kiliruka na kugonga ukuta. Mashine ikazimwa. Kwenye shafti kulikuwa na mkwaruzo mrefu.

Fundi alikifungua kisu, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu.

"Hiki kisu kilipata moto, kisha kikanyweshwa maji," alisema. "Hakikuvunjika leo, kilikuwa kimeshavunjika. Jana ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu, baba," alisema Uwimana. "Lakini mimi nilikipaka mafuta tu. Baadaye niliutundika ufunguo msumarini, nilipotumwa sokoni."

"Ufunguo nilikupa wewe. Sikuupa msumari."

Ilikuwa nafasi ya Dafrosa kusema, na yeye alijua ni nafasi yake. Aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Kuanzia leo usiingie humu," Fundi Nikolaus alimwambia Uwimana. Sauti yake haikuwa ya juu. Ilikuwa ya mtu aliyevunjika moyo, na hiyo ni mbaya zaidi.

Masanja alisimama, akajikung'uta. "Fundi, nikikosa kesho jioni, nitaipeleka Mwanza. Si kwamba nakudharau. Watu wamelalia magunia yao pale mashineni."

Basi Dafrosa akawa amepata alichokitaka. Jioni ile mezani jina la Uwimana halikutajwa. Halikutajwa jina lolote. Baba alimega ugali mara nne, akanawa. Uwimana aliosha vyombo bila kuambiwa, kisha akamfuata Mwalimu Flavia alipokuwa akianua nguo, na Dafrosa akawasikia kutoka dirishani.

"Mama, naomba nauli kesho nirudi nyumbani."

"Kwa sababu ya kisu? Baba yako hasira zitaisha."

"Juzi baba alimpigia simu baba yangu, akanisifu. Mama yangu alilia kwa furaha. Sasa akipiga kusema nimeharibu na nimedanganya, watasema nini? Afadhali nifike mimi kwanza, wanione nikisema sikukigusa."

Mwalimu Flavia alimsihi asubiri kuche. Dafrosa alijilaza kitandani, akawa na shuka lote peke yake kwa sababu Uwimana alijikunja ukutani kabisa, mbali naye. Kwa miezi mitano alikuwa ametaka nafasi hiyo. Haikuwa na raha yoyote.

Jumamosi asubuhi Uwimana alianza kukunja nguo zake na kuzitia kwenye begi. Alizikunja vizuri, moja moja, sare ya shule akaiacha juu ya kiti kwa sababu ilinunuliwa na wenyeji. Dafrosa aliiona ile sare juu ya kiti, akatoka nje, akaanza kutembea kuelekea karakanani, na mbele kidogo akawa anakimbia.

Baba yake alikuwa anaimenya shafti kwa visu vya kawaida. Alimenya kidogo, akasimama kunoa, akamenya tena. Kwa mwendo huo asingemaliza hata Jumatatu.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyekinoa kile kisu. Nikakitumbukiza kwenye maji. Kisha nikakifunga, nikanyamaza."

Fundi Nikolaus aliizima mashine. Akachukua kitambaa, akaanza kujifuta mafuta, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka vyote kumi.

"Kwa nini?"

Dafrosa alikuwa ametayarisha sababu nyingi njiani. Zote zilimpotea, ikabaki ya kweli.

"Nilitaka na mimi unitaje."

"Nikutaje wapi?"

"Mezani."

Baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimtazama bintiye kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kumfikia. Dafrosa alisubiri kufokewa, na hakufokewa.

"Uwimana yuko wapi?"

"Anafunga mizigo."

"Basi ya kisu baadaye. Twende. Utamwambia mwenyewe, mbele ya mama yako."

Walimkuta mlangoni, begi begani, Mwalimu Flavia akiwa bado anamshawishi abaki. Dafrosa alisema yote, tangu msumari mpaka maji. Alilia, lakini alisema yote.

"Jana pale karakanani ulijua?" aliuliza Uwimana.

"Nilijua."

"Ukaniacha nifukuzwe."

"Ndiyo. Nisamehe."

Uwimana hakusema amesamehe. Aliangalia pembeni, machozi yakimlengalenga. Hapo Fundi Nikolaus akasogea.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilikuhukumu kwa sababu ya ufunguo. Ulinieleza, sikukusikiliza. Ukitaka kwenda kwenu, nitakupeleka mwenyewe na kuwaeleza wazazi wako ukweli. Lakini naomba ubaki."

Uwimana alifikiri. Akaliteremsha begi chini. Kisha akauliza, kama kawaida yake, "Baba, ile ncha imebaki kiasi gani?"

"Kama nusu."

"Nusu haiwezi kunolewa ikatumika?"

"Jiwe letu haliiwezi. Inataka jiwe la kijani." Fundi akajigusa kidevu. "Mzee Selemani, yule fundi aliyestaafu, analo. Yuko Kanyenye." Akamgeukia Dafrosa. "Utakipeleka wewe. Na utamweleza kila ulichokifanya. Asipojua kilivyoungua hatajua ufa umefika wapi, ataacha sehemu mbovu, kitavunjika tena."

Mzee Selemani alikuwa uani kwake akirekebisha kiti.

"Shikamoo babu," alisema Dafrosa.

"Marahaba." Mzee alikichukua kisu, akavaa miwani. "Nani alikipa hiki maji?"

"Mimi, babu." Akaeleza: jiwe gani, alikandamiza kiasi gani, kilikuwa na moto kiasi gani, kililia vipi.

"Vizuri," alisema mzee.

"Vizuri, babu?"

"Vizuri kwamba umesema. Watu wengi huniletea chuma pamoja na hadithi. Chuma nakijua, ila ile hadithi ndiyo hunipotezea siku nzima." Akaelekea kwenye jiwe lake la kijani. "Visu vya kawaida vinapenda maji. Hiki ni kama glasi ya chai ya moto, ukiimwagia maji ya mtungini inapasuka. Hiki unakigusisha kidogo, unakiacha kipoe chenyewe. Kwa kuwa umeniambia kilikuwa na moto mpaka hapa, nitaondoa mpaka hapa."

Alikinoa polepole, akipumzika kila mara. Ncha iliyobaki ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, lakini ilikuwa nzima. Hakutaka malipo. Alisema tu kwamba siku nyingine Dafrosa akija, aje na swali kabla hajaja na kisu kilichovunjika.

Saa nane mchana mashine iliwashwa. Fundi Nikolaus alipitisha kisu kwenye ule mkwaruzo kwanza, ukafutika, kisha akaimenya shafti hatua kwa hatua. Uwimana alipima. Dafrosa alifagia maganda na kushika taa kona yenye giza. Saa kumi na moja Masanja aliizungusha shafti yake mkononi mara mbili kuitazama, akaifunga kwenye gunia, akasema Bukene kuna mtu mwingine mwenye mashine ya kusaga, atamleta.

Alipoondoka, Fundi Nikolaus aliwaita wasichana wakae kwenye benchi.

"Dafrosa," alisema, "tangu darasa la tatu unakuja hapa kila siku. Umewahi kuniuliza swali hata moja?"

Dafrosa alitafuta. Alitafuta kwa uaminifu, mwaka hadi mwaka, na hakupata hata moja.

"Hapana, baba."

"Mimi nilidhani hupendi mafuta na kelele, nikakuacha. Nilipaswa kukuita, na hilo ni langu. Lakini sikiliza, na wewe Uwimana sikiliza, maana hili litakupata na wewe siku moja. Wivu ulimwambia Dafrosa kwamba kuna mtu amekalia nafasi yake. Uongo. Nafasi yake ilikuwa tupu miaka yote hii. Alichohitaji ni kuingia na kuuliza, akajifunza. Yeye akataka sifa ya kazi ambayo hajajifunza. Na tena, kuharibu kisu kulichukua dakika moja. Kila fundi ameharibu kisu. Kunyamaza ndiko kulikochukua karibu siku mbili, na ndiko kulikokaribia kutuondolea mtoto nyumbani. Ukikosea, sema mapema, wakati kitu bado kinatengenezeka."

Akainuka, akachukua kalipa ukutani, akamnyooshea Dafrosa. "Njoo nikuonyeshe inavyosomwa."

Dafrosa aliipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na namba zake zilikuwa ndogo. Hii ndiyo saa aliyoiwaza miezi mitano, baba yake amesimama mbele yake, mashine imezimwa kwa ajili yake. Alimtazama baba, kisha akamtazama Uwimana, ambaye alikuwa amekaa ncha ya benchi akijifanya anatafuta kitu kwenye kucha zake.

"Baba, subiri kidogo," alisema. Akamgeukia Uwimana na kumnyooshea kalipa. "Nifundishe wewe. Sijui hata pa kuanzia."

Uwimana hakutabasamu. Alikuwa bado ana uchungu, na alikuwa na haki nao. Lakini alijisogeza kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja, akasema, "Kaa. Anza na huu mstari wa sifuri."

Dafrosa akakaa.